Makamyo ya Kasumbalesa, Theluji ya Briançon

Lubumbashi imekaa juu ya uwanda, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari. Briançon, mji mdogo wa Ufaransa uliojibanza katika milima ya Alpi karibu na mpaka wa Italia, uko mita 1,326. Namba hizo mbili ndizo nilizomwonyesha mama yangu nilipomwambia kwamba tunahama. Nikamweleza kuwa tofauti si kubwa, hata maharagwe yataiva kwa muda uleule, maana huku na kule maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mama hakujali habari za maharagwe. Aliuliza, "Baridi yao ni ya mwezi wa sita?" Nikasema ndiyo, ni ya mwezi wa sita. Sikumwambia kwamba huanza Novemba na haina haraka ya kuondoka.

Sisi wa Lubumbashi tuna majivuno ya baridi. Juni na Julai, upepo wa kusini ukivuma na vumbi jekundu limekaa juu ya kila kitu, tunavaa makoti na kofia za sufu, tunawacheka Wakinshasa wanaoshuka kwenye ndege pale Luano na mashati ya mikono mifupi. Nami niliondoka na majivuno hayo, pamoja na koti nililolinunua katika marobota ya mitumba ya soko la Kenya, mtaa wa kwetu Lubumbashi. Lilikuwa koti zuri. Lilinifaa mpaka katikati ya Oktoba.

Aliyetuhamisha ni mke wangu. Alizaliwa Lubumbashi kama mimi, akasomea uuguzi Liège, akakaa huko miaka ya kutosha kupata uraia wa Ubelgiji, na sasa alikuwa amepata kazi Briançon, mji ambao tangu karne iliyopita umekuwa ukipokea wagonjwa wa mapafu kwa sababu ya hewa yake kavu na jua lake. Mimi nilikuwa mhasibu katika kampuni ya usafirishaji. Makamyo yetu yalibeba shaba ya Kolwezi na Likasi, yakivukia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwenda bandari za Durban na Dar es Salaam, yakarudi na salfa ya viwandani, saruji, vipuri na mabati. Tangu korona ya 2020 nusu ya biro, yaani ofisi, ilikuwa inafanyia kazi nyumbani. Bosi wangu, mtu asiyependa kumfundisha mhasibu mpya, akasema: kama unaweza kufanyia hesabu mtaani kwako Katuba umeme ukikatika kila jioni, utashindwaje kuzifanyia mahali ambapo haukatiki?

Kwa hiyo nikaenda kuishi Ulaya kwa mshahara wa Lubumbashi.

Hilo hakuna aliyelielewa, si kule wala huku. Mama mwenye nyumba wetu, tulipokuwa tunaandikishana mkataba, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nafanya kwa kompyuta, nikiwa nyumbani. Akatikisa kichwa kwa kuelewa: baada ya korona mji ulikuwa umepokea watu wengi wa namna hiyo, waliochoka na vyumba vidogo vya mjini, wakaja na kompyuta zao na baiskeli za bei mbaya. "Kampuni iko Paris?" akauliza. Nikamwambia iko Lubumbashi. Alinyamaza, kisha akaniomba nimwandikie jina hilo kwenye karatasi. Kesho yake nilimkuta ngazini, alikuwa ameitafuta kwenye ramani. Aliniambia, kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo, kwamba ni mji wa watu zaidi ya milioni mbili. Mji wake yeye haukuwa na watu zaidi ya 12,000.

Upande wa nyumbani mambo yalikuwa magumu zaidi. Ndugu zangu walijua kitu kimoja: yaya, yaani kaka yao mkubwa, yuko Bulaya. Ujumbe ulianza kuingia kabla sijanunua hata shuka. "Yaya, weko ku Bulaya sasa, utukumbuke." Binamu aliyekuwa na biashara ya simu pale Kamalondo, mwenye kipato kikubwa kuliko changu, aliniomba mtaji. Nikamweleza kwamba pesa yangu inatoka barabara ya Kasumbalesa, inapanda ndege, inakatwa na benki huku na kule, na ikifika Briançon inakutana na kodi ya nyumba inayodaiwa kwa euro. Akacheka kwa heshima, kama mtu anavyomchekea mkubwa anayedanganya. Mwishowe niliacha kueleza. Nilituma kidogo nilichoweza. Pesa iliyotoka Lubumbashi ikarudi Lubumbashi imechoka, lakini ilipokelewa kwa shangwe kwa kuwa imetoka Ulaya.

Tulifika kwa treni ya usiku. Inaondoka Paris, kituo cha Austerlitz, jioni, na unaamka asubuhi ukiona mto Durance chini ya dirisha na miamba imekuzunguka pande zote. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na nyumba yetu ilikuwa nyumba ya Lupopo, timu ya wanareli, kwa hiyo nilikuwa na hamu ya kuona reli inaishia wapi. Inaishia Briançon. Milima imeizuia, juu yake kuna barabara tu, inayopanda hadi mlango wa Montgenèvre, mita 1,850, kisha inateremka Italia.

Mji wenyewe ni miwili. Wa juu ni wa kale, umezungushiwa kuta za ngome zilizochorwa na Vauban, mhandisi wa vita wa Louis wa 14, baada ya moto mkubwa wa 1692. Tangu 2008 kuta hizo zimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mtaa wake mkuu una mteremko mkali, na katikati yake unapita mfereji mwembamba wa mawe, maji yakikimbia mchana na usiku. Ulichimbwa ili moto ukizuka watu wasiende mbali kutafuta maji. Mji wa chini ndio wa kituo cha reli, maduka, shule, na hospitali. Sisi tulikaa chini.

Siku zangu zilikuwa hivi. Mke anaondoka kabla ya mapambazuko, mtoto naye nampeleka shule, kisha nafungua kompyuta juu ya meza ya jikoni na ninakuwa Kasumbalesa. Wakati wa kiangazi saa za Ufaransa na za Katanga ni zilezile. Mwishoni mwa Oktoba Wazungu wanarudisha saa nyuma, na kwa miezi mitano nikawa nyuma ya biro kwa saa moja. Bosi aliniita mvivu kila asubuhi kwa utani uleule. Simu yangu ilijaa sauti za madereva. Watanzania wanaongea Kiswahili chao cha kunyooka: "Bosi, hapa foleni haisogei tangu jana, nitumie ya chakula." Wa kwetu hawana muda wa salamu: "Patron, banatuzuia hapa, beko naomba karatasi ingine." Wazambia wanachanganya Kibemba na Kiingereza, na hasira ikizidi, Kibemba peke yake. Namba za magari, namba za stakabadhi, kilo za shaba, lita za mazuti. Siku moja dereva mmoja, aliyekuwa amekwama upande wa Zambia, aliniuliza kengele hizo anazosikia ni za kanisa gani, mbona zinalia saa ya kazi. Zilikuwa za kondoo. Kila Juni makundi ya kondoo hupanda kutoka nchi za chini za kusini kwenda malisho ya milimani, na siku hiyo yalikuwa yanapita chini ya dirisha langu. Nilimweleza. Akaniuliza bei ya kondoo mmoja.

Nilidhani naishi Briançon. Ukweli ni kwamba kwa muda mrefu nililala tu Briançon. Niliweza kukutajia madereva waliokunywa mafuta ya kampuni, lakini sikujua jina la mwoka mikate wa chini ya nyumba. Mtu anayekwenda kazini hupita njiani, huonekana, husalimiwa. Mimi kazi yangu ilikuwa haitoki jikoni. Mke wangu alijuana na nusu ya mji kwa sababu alikuwa anawafunga vidonda. Mtoto alijuana na nusu ya pili. Mimi nilikuwa yule bwana mrefu anayeongea peke yake dirishani, kwa lugha isiyojulikana, akitaja namba.

Theluji ndiyo iliyoanza kunitoa nje. Nitaipita haraka, maana kila aliyekwenda Ulaya amekwisha kuisimulia. Niseme tu kwamba haina sauti, na kwamba ina kazi. Watu hawaisimulii kazi hiyo. Ikidondoka usiku, asubuhi inakudai koleo. Unafungua njia ya mlango, ya gari, ya mapipa ya taka. Mchana jua linaiyeyusha, jioni inaganda kuwa kioo, na kesho yake unaanza upya. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kuendesha mashine za kulainisha theluji usiku katika viwanja vya kuteleza, alinitazama nikipigana na koleo, akatoka, akaninyang'anya bila neno, akanionyesha. Hunyanyui, unasukuma, ukitumia paja. Kisha akatazama magurudumu ya gari letu la mtumba, akacheka. Tangu Novemba 2021 sheria ya Ufaransa inawadai wenye magari katika mitaa ya milimani wawe na matairi ya theluji au minyororo kuanzia Novemba hadi Machi. Tuliyokuwa nayo yalikuwa ya kiangazi, na vipara.

Mzee huyo akawa mwalimu wangu. Alinifundisha kuni. Kwetu moto ni makala, yaani mkaa, na makala yanakuja mjini kwa baiskeli, magunia matatu au manne yamefungwa nyuma, mwenyewe anasukuma kilomita nyingi kutoka msituni. Unanunua, unapika, huulizi zaidi. Kule kuni hununuliwa mwaka mmoja kabla ya kuchomwa. Zinapangwa ukutani, gome juu, upepo upite katikati, na mpangilio wako unasomwa na majirani. Ukuta wangu wa kwanza ulianguka usiku. Wa pili ulisimama, na mzee akamleta mke wake auone.

Pia alinipeleka kwenye mpira wa magongo wa barafuni. Timu ya mji inaitwa Mashetani Wekundu, na mwaka 2014 ilichukua ubingwa wa Ufaransa. Mji wa watu 12,000 ukaipiga miji yote mikubwa. Alinisimulia fainali hiyo bao kwa bao. Nikaona nami sina budi kuitetea Lubumbashi. Lupopo yangu haikunipa cha kumwambia Mfaransa, ikabidi, roho ikiniuma, niseme kwamba mji wangu ndio wa TP Mazembe, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu, Desemba 2010, Abu Dhabi. "Walishinda?" Walifungwa na Inter ya Milan, mabao 3 kwa bila. Aliridhika. Wasomaji wa Lupopo wanisamehe. Nilikuwa mbali na nyumbani.

Bukari, ugali wetu, ndiyo iliyonivusha mpaka. Madukani Briançon kulikuwa na unga wa mahindi uitwao polenta, wa njano, umechemshwa kiwandani na kukaushwa ili mpishi asichoke. Ukiusonga unakuwa uji mzito usioshika. Kwetu mahindi ni meupe, na bukari ni kitu kinachosimama sahanini. Mzee akaniambia: vuka mlima, Waitaliano wanao wa kusagwa tu, haujapikwa. Kuna basi kutoka Briançon hadi Oulx. Nikaenda Jumamosi moja ya Februari, nikapata mfuko wa kilo tano, wa njano bado, lakini mbichi. Nikirudi, basi lilinifikisha Montgenèvre juu likaishia hapo. Theluji ilikuwa nzito, na la kuteremka lilikuwa limeondoka. Kiza kikaingia. Nikasimama kibandani, mtu mweusi peke yake, mfuko begani.

Gari likapunguza mwendo, likasimama. Mwanamke wa umri wa mama yangu mdogo akashuka, mkononi ana chupa ya chai. "Usiogope," akasema, "sisi si polisi." Akanimiminia. Mwenzake akatoa glavu na soksi kavu kwenye mfuko, akaniuliza kama vidole vya miguu bado navihisi. Chai ilikuwa na sukari nyingi, ya moto sana, na nilikuwa nimeganda. Nikainywa yote kwanza. Ndipo nikawaambia kwamba nakaa mjini, mtaa fulani, na kwamba nimetoka kununua unga.

Walicheka mpaka yule mwanamke akashika mlango wa gari. Wakanipakia. Njiani alinieleza habari ambayo nilikuwa nimeishi kando yake bila kuiona. Tangu Novemba 2015 Ufaransa imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake. Wasafiri waliozuiwa kwenye pwani ya Mediterania wakatafuta njia za milimani, na kuanzia 2017 maelfu wakapita hapa, kwanza kwa mlango wa Échelle, kisha Montgenèvre: vijana wa Guinea, Mali, Côte d'Ivoire, baadaye familia za Waafghani na Wairani. Wanatembea usiku nje ya njia, katika theluji, na viatu vya mpira. Wengine walikatwa vidole. Mei 2018 msichana kutoka Nigeria alionekana mtoni Durance, amekufa. Watu wa mji wakaanza kupanda usiku na chai. Baadhi yao walishtakiwa kwa kuwasaidia wageni kuingia. Julai 2018 Baraza la Katiba la Ufaransa liliamua kwamba udugu, neno lililomo katika kaulimbiu ya jamhuri yao, ni kanuni ya kisheria, na kwamba mtu ana uhuru wa kumsaidia mwenzake kwa utu bila kumuuliza ana karatasi gani. "Na wewe," akamalizia, "unajua kusonga huo unga?"

Jumapili iliyofuata nilikuwa jikoni kwenye kituo chao. Kilianzishwa mjini 2017, na 2021 kilihamia jengo kubwa zaidi, moja ya majumba ya tiba ya zamani. Nilisonga bukari ya njano kwenye sufuria la watu sitini kwa mwiko uliokuwa kasia la mtumbwi wa mtu. Sombe, yaani kisamvu, haikuwapo, tulipika majani ya kabichi na karanga za kusaga. Wavulana wa Guinea walikula wakasema kwao hicho ni chakula cha wagonjwa, kisha wakaomba tena.

Mmoja wao, hajatimiza miaka 20, aliniita kaka mkubwa, akaniuliza nilipitia mlango gani. Nikamwambia nilikuja kwa treni kutoka Paris. Akafikiri. "Na kabla ya hapo? Libya au Morocco?" Nikasema Addis Ababa, kwa ndege. Alinitazama kama mtu anayetazamwa kwenye televisheni. Akanihesabia yeye: Agadez, Sebha, Tripoli, bahari, Lampedusa, Turin, Oulx. Alikuwa amelala msituni usiku uleule niliokuwa nikinywa chai kule juu, na wenye chai hawakumwona. Sikuwa na la kumjibu, nikamwongezea mboga. Baadaye kidogo akaniomba nimfundishe kazi ya uhasibu wa mbali, maana aliona ina usafiri mzuri. Alisema bila kejeli. Nilimfundisha majedwali kwenye simu yake Jumapili tatu au nne, kisha akaondoka kwenda Lyon.

Nimesoma mengi yaliyoandikwa na watu waliohamia milimani na kompyuta zao, wakieleza utulivu, hewa, kasi ya intaneti. Ni kweli vyote vipo. Lakini kwenye barabara ileile ya Montgenèvre kulikuwa na sisi wenye mikataba ya nyumba na wale waliokuwa wakijificha kwenye misonobari, na rangi yangu ilinifanya nisiweze kujisahaulisha hilo. Nilipokuwa nikivuka kwenda Italia nilibeba kadi ya ukaazi kwenye mfuko wa shati, si kwenye begi, niitoe upesi. Mke wangu naye vilevile, kitambulisho chake. Hatukuwahi kulizungumza; siku moja tu niliona anahamisha chake.

Nilivuka mara nyingine kwa ajili ya Don Bosco. Nimesoma kwa Wasalesiani, shirika lake, na kila aliyesoma kwa Wasalesiani Lubumbashi amekulia chini ya picha ya padri huyo mwenye nywele za mawimbi, na masimulizi ya Turin yake yenye watoto wa mitaani na viwanda. Wasalesiani wa kwanza walifika Katanga 1911, mji ukiwa na mwaka mmoja tu, bado ni mahema na vibanda vya mabati kuizunguka shaba. Sikuwahi kufikiri kwamba Turin ni mahali pa kwenda kwa basi na treni asubuhi na kurudi jioni. Januari 31, sikukuu yake, nilisimama kwenye ua wa Valdocco, makao yake huko Turin, katikati ya mahujaji Wafilipino na Waperu. Misa ilikuwa nzuri, ukungu ulikuwa mwingi, na baada ya misa watu walikunywa kahawa wakaenda zao. Kwetu siku hiyo ni mpira kutwa, vipaza sauti, mbio za magunia, padri anakimbia na kanzu ameishika kiunoni. Ningemwambia Don Bosco, kama angeniuliza, kwamba siku yake inasherehekewa zaidi Katanga.

Kadiri nilivyoujua mji ndivyo nilivyouona unafanana na wetu mahali nisipotarajia. Briançon inaishi kwa theluji. Kabini za kupandia mlimani zinaanzia katikati ya mji wa chini, na Desemba ikiingia bila theluji kila mtu anaongea polepole: mwenye hoteli, mkodishaji wa viatu, dereva wa teksi, mwoka mikate. Nilikuwa nimewahi kuona nyuso hizo. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines, kampuni yetu ya taifa ya madini, ilitoa tani zipatazo 470,000 za shaba kwa mwaka. 1994 haikufikisha 40,000. Aliyekulia Lubumbashi miaka ile anajua mji wa kitu kimoja unavyonuka kitu hicho kikipungua. Mzee wangu wa mashine alinihadithia kituo cha Céüze, karibu na Gap, mkoa uleule, kilichofungwa 2018 baada ya miaka ya theluji haba, nyaya zikabaki zinaning'inia. Na kabla ya utalii, alisema, wakulima wa mabonde haya walikuwa wachimbaji: wakati wa baridi, mashamba yamelala, kila kijiji kiliingia kwenye mashimo yake kuchimba makaa ya mawe, kwa mkono, mlango wa shimo ukiwa karibu na zizi. Nikamwambia kwetu wapo hadi leo, tunawaita creseri. Alitaka kujua kila kitu: wanashikiza dari kwa nini, wanauza kwa nani, nani anapima uzito. Hilo la mwisho lilinifurahisha. Hata huko walikuwa wakiibiwa kwenye mizani.

Nilimsimulia mama kwa simu habari za theluji. "Wanaiuza?" Wanauza siku, mama, unalipa kupanda mlimani siku moja. "Na isipoanguka?" Wanaitengeneza, wana mashine zinazopuliza maji yanaganda. Alicheka sana, kisha akasema, "Basi nao wako kwenye terril." Terril yetu ni ule mlima mweusi wa mabaki ya kiwanda, kando ya bomba refu la moshi, ambao baada ya shaba ya chini kuwa ngumu kuipata watu waliurudia kuuyeyusha upya wakitafuta kobalti. Nikamfikishia mzee. Aliudhika kidogo, halafu akaanza kuutumia usemi huo mwenyewe.

Mkataba wa mke wangu ulipoisha alipewa nafasi ya kuendelea. Tulijadili majira yote ya kiangazi. Mama yake alikuwa anazeeka peke yake pale Kampemba, na bosi wangu alikuwa ameanza kusema kwamba safari hii utani umetosha. Mtoto alilia, alikuwa amejifunza kuteleza na shule, mimi sikujifunza kamwe. Tuliuza gari na matairi yake. Kuni zilizobaki nilimwachia mzee, akasisitiza kuzilipa, akazipima kwa kamba, akaniambia zimepungua kidogo kuliko nilivyokadiria, akalipa kwa hesabu yake.

Kabla ya hapo, Septemba na Oktoba, alikuwa amenipeleka uyoga. Aina moja ya misonobari ya kule, tofauti na ndugu zake, hugeuka njano na kumwaga majani, na chini yake unaota uyoga wa rangi ya dhahabu. Nilijiona niko nyumbani: nani wa Katanga asiyejua uyoga? Nilianza kuokota kwa uhakika wa mtu aliyefunzwa na shangazi. Mzee akanizuia. Kwanza tulipita kwa mfamasia. Ufaransa wafamasia hufundishwa uyoga chuoni, na watu huwapelekea vikapu. Yule mama aliyevaa koti jeupe akamwaga chetu juu ya kaunta, kati ya dawa za kikohozi, akachambua mmoja mmoja, akatupa robo nzima.

Sasa niko Lubumbashi, meza ni ileile ya biro, na makamyo bado yako Kasumbalesa. Desemba iliyopita, mvua zikiwa zimekolea, nilisimama barabara ya Likasi ambako kina mama huuza uyoga wa vichuguu. Mkubwa wao ndio mkubwa kuliko uyoga wowote unaoliwa duniani. Kofia yake yaweza kufika upana wa mita. Nilinunua mmoja wa wastani, nikampa mwanangu aubebe kama mwavuli, nikapiga picha, nikamtumia mzee. Alijibu baada ya dakika chache, akaniomba kwa herufi kubwa nisiule kabla ya kuupitisha kwa mfamasia. Nikamsomea mama, aliyekuwa tayari ameweka sufuria juu ya mbabula.

"Mwambie nimeununua kwa mfamasia," akasema. "Na amenipunguzia bei."